Barua ya wakili na sauti ya shangazi

Barua ilifika Jumamosi, nami sijatimiza miaka miwili Hamburg. Ilikuwa na kurasa kadhaa na jina la ofisi ya mawakili juu. Ndani mliandikwa jina la filamu nisiyowahi kuiona, pamoja na tarehe, saa na dakika iliposhushwa kwa laini yangu ya intaneti. Nilitakiwa nilipe karibu euro 900 na nitie sahihi ahadi kwamba sitarudia. Aliyeishusha ni kijana niliyekuwa naye nyumba moja, lakini laini ilikuwa kwa jina langu. Nililia usiku ule, kwa sababu pesa hizo nilikuwa nimeziweka za kumpelekea mama.

Ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, huniuliza imekuwaje wakanijua. Torenti iko hivi: unaposhusha faili, kompyuta yako papo hapo inawagawia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Kwa sheria ya Ujerumani hapo umekuwa msambazaji. Wenye hakimiliki wana watu wao wanaoingia katika kundi hilo na kunakili anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini, ya kila aliyemo, kisha mahakama huiamuru kampuni ya intaneti itoe jina la mwenye laini. Barua hizi zilitumwa kwa wingi hata mwaka 2013 ikabidi sheria iwawekee mawakili kikomo cha ada wanayoweza kumdai mtu wa kawaida. Na mpaka 2017, mwenye mkahawa aliyewaachia wateja wifi bila neno la siri aliweza kuandamwa kwa kosa la mteja asiyemjua.

Nchi hiyohiyo ina jambo jingine ambalo halisimuliwi huko kwetu. Tangu 1965 sheria yake inamruhusu mtu ajinakilie kitu kwa matumizi ya nyumbani, na badala yake wanaotengeneza na kuingiza vyombo vya kunakilia hulipa tozo. Ilianza na mashine za kurekodia, na leo imo katika bei ya simu, flashi na kompyuta. Pesa hizo hukusanywa zikagawiwa watunzi na waimbaji. Mnunuzi haulizwi anasikiliza nini, wala hakuna wa kumchungulia chumbani.

Sasa njoo Amu. Ukipita Usita wa Mui kuna kijana na laptopu yake juu ya meza. Unampa memori kadi, unaenda zako sokoni, ukirudi imejaa filamu na nyimbo. Simlaumu. Bando ni ghali, na kazi ni chache. Lakini siku moja dada yangu alinitumia wimbo uliotoka kwenye meza kama ile, na faili imeandikwa “Harusi Mpya 7”. Nikafungua, nikasikia sauti ya shangazi yangu.

Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa akitunga na kuimba nyimbo za vugo katika harusi za mitaa ya Mkomani na Langoni. Ule wimbo ulirekodiwa kwa kaseti ukumbini, kinamama wakiitikia. Kwenye ubeti wa tatu alikuwa na desturi ya kunyamaza kidogo, avute pumzi, ndipo amtaje bibi harusi. Katika faili niliyotumiwa, pumzi ile imefunikwa na sauti ya mwanamume anayejitangaza yeye na studio yake. Jina la shangazi halimo popote.

Kwa sheria ya Kenya, utungo ule ni mali ya wanawe mpaka miaka 50 ipite tangu alipokufa. Hawajawahi kuona hata shilingi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 nayo inataja tozo ya kanda tupu na vyombo vya kurekodia kwa ajili ya wasanii. Marekebisho ya 2019 yakaongeza ilani: mwenye haki akiandika, kampuni ya intaneti iondoe kitu ndani ya saa 48. Kampuni kubwa ya filamu ina wakili wa kuandika ilani kutwa. Mwanamke wa Langoni ambaye wimbo wake uko ndani ya memori kadi mia moja ataiandika apeleke wapi?

Hapa Ujerumani kuna chama cha Maharamia, ambacho mwaka 2011 kilipata karibu asilimia 9 ya kura za bunge la Berlin. Niliipenda hoja yao kwamba anayemnakilia mwenziwe bila kuuza asifanywe mwizi. Mimi naifuata, ila naongeza jambo nililolikuta kwetu. Msikiti wa Riyadha una vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, vingine vimewekwa wakfu: visiuzwe, visomwe na watafutao elimu. Vilipigwa picha kwa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza, nami huvifungua nikiwa Hamburg bila kulipa. Aliyenakili ameandika jina lake mwisho wa kitabu. Hata utenzi wa kale, mtunzi hujitaja katika beti za mwisho ajulikane. Wazee wetu walinakili na kugawa usiku na mchana, wala hawakulifuta jina la mtu.

Kwa hiyo wanaotaka Kenya iige Ulaya, naomba waanze na tozo iliyokwisha kutajwa katika sheria yetu, barua zile za mawakili waziache hukuhuku. Na pesa ziwafikie kinamama wa vugo na watunzi wa mashairi, maana vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wasanii, vimevutana na wasanii wenyewe miaka mingi.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule kijana wa laptopu. Nilimwambia simdai kitu, na kaseti ya asili ninayo, nitamtumia iliyo safi. Alinijibu kwa sauti: “Sawa, dada. Nipe jina lake kamili, na la babake, nipate kuliandika.”