Mlango wa buluu, nyuma ya kanisa

Wiki mbili baada ya kuhamia chumba changu cha kwanza hapa Bruxelles, askari polisi wa mtaa alibonyeza kengele, akasoma jina nililolibandika mlangoni, akaniuliza kama kweli ninalala humo, kisha akaenda zake. Nilidhani nimeshtakiwa. Kumbe ndivyo mgeni anavyoanza kuhesabiwa kuwa mtu nchini Ubelgiji: askari asipothibitisha makao yako, komine, yaani ofisi ya manispaa, haikuandikishi, na usipoandikishwa, kitambulisho na bima ya afya vinakwama.

Ndugu zangu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, wanaponiuliza wazungu wametuzidi nini, hutarajia nitaje treni au mashine. Mimi hutaja anwani. Kwa upande wa mashine hatuko nyuma sana: M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, ilhali hapa sheria inayomlazimu kila mfanyabiashara kukubali angalau njia moja ya malipo ya kielektroniki ilianza kutumika Julai 2022. Tulichokosa ni daftari la nani anaishi wapi. Ubelgiji ilitunga sheria ya Rejista yake ya Taifa mwaka 1983, na Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Wao waliendelea kuandika, sisi tukaacha, hata kadi ya mpiga kura ikageuka kitambulisho chetu. (Wengi tuliopanga foleni ya kujiandikisha hatukuwa na haja yoyote na mgombea.)

Si kwamba tuliishi bila ushahidi, bali ushahidi wetu ulikuwa watu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na lava kufunika katikati ya mji, alama za parseli, yaani viwanja vya nyumba, zilipotelea chini ya mawe. Katika avenyu yetu mipaka ilirudishwa na bibi mmoja aliyekumbuka mti wa avoka ulikuwa umesimama wapi, na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, akakubali neno lake.

Shangazi yangu aliuza vitenge Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kwa msingi huohuo. Alikopesha kwa sura, na daftarini aliandika “mama wa mapacha” au “kijana wa chukudu” (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), na ni wachache waliomdhulumu. Lakini biashara yake haikuwahi kuvuka duara la watu anaowatambua, kwa sababu hakuna benki ambayo ingelipokea daftari lile kuwa dhamana. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na wateja kutawanyika, madeni yake mengi yaliondoka nao.

Huku, mwuza mkate ambaye nimenunua kwake kwa miaka sita hawezi kunikopesha hata mkate mmoja, lakini benki isiyonijua sura ilinikopesha bei ya gari kwa kutazama mshahara na namba yangu ya Rejista. Wenzangu husema kwetu ni utu na huku ni baridi tupu. Sikubaliani nao: utu ule haukumpa shangazi mtaji alipouhitaji.

Hata hivyo, kuna jambo linalonizuia kulisifu daftari moja kwa moja. Katika mji ambao watawala hubadilika kwa bunduki, orodha ya nani anaishi wapi ni pia orodha ya milango ya kubisha usiku. Ningekuwa Goma leo, sijui kama ningempa mwandishi wa komine jina langu kamili.

Mwezi uliopita nilitaka kumtumia mdogo wangu aliye Goma vyeti vyake. Fomu ya posta ilidai jina la barabara na namba ya nyumba. Nikaandika “nyuma ya kanisa, mlango wa buluu, uliza mama wa vitenge”, ikakataa. Nikampa msafiri aliyepitia Kigali akavuka mpaka kwa miguu kutokea Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma. Aliuliza watu watatu, na kabla ya saa kuisha mdogo wangu akanipigia simu akiwa na bahasha mkononi.