Cheti cha Kuzaliwa Kimfuate Mtoto Kisiwani

Kijana wa Kizingitini au wa Faza, katika kisiwa cha Pate kaunti ya Lamu, anayekwama katika elimu, makazi na huduma nyingine za umma, mara nyingi alikwama tangu alipozaliwa, pale mkunga alipomaliza kazi yake nyumbani na habari za uzazi ule zisimfikie naibu wa chifu, anayeandikisha uzazi wa nyumbani. Kisheria, miezi 6 ikishapita, uzazi hauwezi kusajiliwa bila idhini ya maandishi ya msajili. Hapo mzazi huanza kutafuta karatasi za ziada, na kwa mkaazi wa Pate kila karatasi ina nauli yake ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kupitia mkondo wa bahari wa Mkanda, ambako safari hupangwa na maji kujaa na kupwa, wala si na saa za ofisi. Akiambiwa arudi kesho, mzazi aliye mvuvi amepoteza siku ya bahari pia.

Shuleni, mwalimu huhitaji nambari ya cheti cha kuzaliwa ili amwingize mwanafunzi katika mfumo wa wizara ya elimu. Mwanafunzi akifika miaka 18 bila cheti, kitambulisho huwa kigumu kupata, na bila kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kufungua akaunti ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Hata nyumba aliyoachiwa na babu yake, ambayo pengine kiwanja chake hakina hati miliki, hawezi kuifuatilia ipasavyo katika afisi za ardhi.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, nami naona haki hiyo haipaswi kutegemea nauli ya mzazi. Afisa wa usajili na afuatane na wauguzi wanaokwenda vijijini kuchanja watoto, akiwa na fomu zake, naye naibu wa chifu awepo siku hiyo hiyo. Najua Kiunga, hapa hapa Lamu, iko karibu na mpaka wa Somalia, na tahadhari ya kutoandikisha wasio raia ni ya lazima. Lakini mtoto aliyeandikwa akiwa mchanga, mbele ya mkunga na majirani waliomwona akizaliwa, ana ushahidi ulio imara kuliko kijana wa miaka 18 anayeomba kitambulisho na kuulizwa babu zake walikuwa nani.