Ua la Novemba au kitambaa cheusi?

Huku Uingereza, Oktoba ikielekea ukingoni, ua jekundu la popi huanza kuonekana kwenye makoti ya watu, na haupiti muda limeshafika kwenye jezi za Ligi Kuu. Ni kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, na kilele chake ni Novemba 11. (Waganda waliopigana Burma wakiwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, wamo humo pia, ingawa sijui ni mashabiki wangapi wanaowafikiria.)

Msimamo wangu: wafu wakumbukwe uwanjani, ila kwetu Uganda tunafanya vizuri zaidi, kwa kitambaa cheusi cha mkononi. Ua likishachapwa kifuani, asiyelitaka hana pa kujificha. Mchezaji James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland ya Kaskazini, amelikataa tangu 2012, kwa kuwa Januari 30, 1972 askari wa Uingereza waliwapiga raia risasi mjini kwao. Amezomewa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2018 Nemanja Matić, mchezaji Mserbia, naye alikataa, akikumbuka mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi ambao Uingereza imo, yaliyoangukia Serbia 1999. FIFA iliwatoza faini Waingereza na majirani zao mwaka 2016 kwa kuonyesha ua hilo, kisha 2017 ikalegeza. Kanuni ya vifaa bado inakataza alama za kisiasa, na kwa kumbukumbu inataka hisia za wapinzani na mashabiki wao zizingatiwe.

Sasa lichukue ua hilo ulipeleke Namboole, uwanja wetu wa taifa. Jekundu? Utaambiwa ni NUP, chama cha upinzani. Bereti nyekundu yenyewe, alama ya wafuasi wao, ilitangazwa vazi la jeshi mwaka 2019. Njano ni NRM, chama tawala. Kitambaa cheusi hakimuulizi mtu chama wala kabila, ndiyo maana kimedumu.

Lakini nacho kina ufundi wake. Tumia lastiki ya nguo, si pini: pini refa ataiondoa kwa sababu ya usalama. Pima mkono juu ya kiwiko, punguza sentimita mbili au tatu, shona ncha. Kikilegea kitateremka dakika ya kumi. Kikibana sana mchezaji atakivua mwenyewe. Jezi ikiwa nyeusi hakionekani, basi tia ukingo mweupe. Kapteni asikichanganye na kile cha ukapteni. Waandaaji na wapinzani waarifiwe mapema, maana ukivaa bila ruhusa refa ataandika ripoti.

Dakika ya ukimya ndiyo tunayoiharibu. Mtangazaji huchelewa, ngoma zinaendelea, refa anapuliza, nusu ya jukwaa hawajui kinachoendelea. Viongozi wa mashabiki waambiwe kabla timu hazijatoka, na filimbi ipulizwe mara mbili tu, kuanza na kumaliza.

Pale Waingereza wanapotushinda ni kwenye kalenda: tarehe yao haihami. Sisi tunayo Julai 11, 2010, mabomu ya uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, jijini Kampala, yalipoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi. Hao walikufa wakiwa mashabiki wa mpira. Hakuna wafu wanaotuhusu zaidi. Tatizo, Julai ligi huwa mapumzikoni. Basi iwe raundi ya kwanza ya msimu, viwanja vyote, wachezaji na marefa, na atakayekataa asiulizwe sababu. Watu wa raga wao wapange siku yao, kwa kuwa Kyadondo ni nyumbani kwao.