Nilivyomwanika mkuu wa chuo

Idara yetu ya Hisabati na Sayansi ina kabati lisilofungika, mizani mbili zisizokubaliana, na mkono wa kiunzi cha plastiki uliokwisha kupoteza vidole viwili. Wenzetu wa Idara ya Lugha wana ngonjera, wana maigizo. Mgeni rasmi akija chuoni, wanaitwa wao. Sisi tukiitwa, ujue projekta imegoma.

Ndiyo maana Oktoba ile kichwa kilinivimba. Mtwara tupo kama nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba likishuka kusini, na karibu na tarehe 22 Februari likirudi. Siku hizo, ikifika adhuhuri, kitu kilichosimama wima hakina kivuli. Basi Oktoba niliwatoa nje wanachuo wangu, saa 6:00 juu ya alama, nikasimamisha rula ya mita. Kivuli kikabaki upana wa kidole. Wakapiga makofi. Nikajiona Eratosthenes mwenyewe, yule wa Aleksandria aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kupima kivuli.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasimama kwenye kikao cha wakufunzi nikatangaza kwamba Februari narudia, na safari hii kije chuo kizima, mkuu wa chuo akiwa mbele.

Siku ikafika. Tuliazima bomba la chuma la mita 2, tukalichimbia katikati ya kiwanja, tukalinyoosha kwa timazi na pimamaji mpaka fundi mwenyewe akasema inatosha. Wanachuo wakapanga mistari. Mkuu wa chuo, mama wa heshima zake, akaja na mwavuli. Nikamwendea kwa adabu zote.

"Samahani mama, mwavuli unaleta kivuli."

Akaufunga. Sentensi ile huwa inanirudia usiku.

Mzee wetu wa getini alikuwa amesogeza kiti chake chini ya mwembe. Nilipopita akaniuliza, "Mwalimu, mnangoja nini pale?"

"Jua lifike utosini, mzee."

Akatazama juu, akatazama chini. "Mbona mapema hivi? Adhuhuri yenyewe bado."

Nikacheka ule upole wa mtu mwenye shahada. "Mzee wangu, hii ni sayansi."

Ilipokaribia saa 6:00 nikaanza kuhesabu kwa sauti, na chuo kizima kikadakia: tano, nne, tatu, mbili, moja!

Kivuli kipo. Tena si kivuli cha kuona haya, ni kivuli kizima, kimejinyoosha mchangani kuelekea Mikindani kama mtu aliyeshiba muhogo. Nikakipima. Sentimita 28.

"Kinaisha sasa hivi," nikasema. "Tuvute subira."

Anayeijua Mtwara ya Februari anajua subira hiyo inavutwaje. Hewa imejaa maji, jasho halikauki, linahama tu. Saa 6:10, sentimita 20. Mwanachuo mmoja akanyoosha mkono akauliza kama ni kivuli chake ndicho kinachoharibu, ahame. Mwingine akawa amejibanza nyuma ya mwenzake mrefu, anafaidi. Mkufunzi wa Kiswahili akanisogelea sikioni, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma:

"Wahenga walisema kivuli cha mvumo humfunika aliye mbali. Chako nadhani kipo Lindi, kuna mtu kinamfunika."

Mistari ikavunjika kwa kicheko. Saa 6:20, sentimita 11, na upepo ukaleta harufu ya wali na maharage ya nazi kutoka bwaloni. Mkuu wa chuo, miwani imejaa ukungu, hakusema neno. Alifungua mwavuli. Ule mlio wake, pwaa, ulitosha. Chuo kizima kikaenda kula.

Nilikaa meza ya pembeni, kijiko mkono huu, kalamu mkono huu, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamu za bwalo. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi hata kijiji kimoja cha nchi hii. Upo baharini huko, Mayotte. Sisi Mtwara tupo nyuzi 40.2. Pungufu ni 4.8, na kila moja ni dakika 4: dakika 19, jua linatufikia nyuma ya saa. Halafu kuna ubishi mwingine, maana njia ya dunia ni duaradufu na mhimili wake umeinama, jua na saa haviendi sambamba mwaka mzima. Oktoba ile jua huwahi kama dakika 15. Zilizila zile 19, zikabaki 4. Kumbe ndiyo bahati niliyokuwa naiita utaalamu! Februari jua huchelewa karibu dakika 14. Kumi na tisa, jumlisha 14.

Thelathini na tatu. Nikainua macho kwenye saa ya bwalo: 6:31.

Nilitoka mbio na sahani mkononi. Simu ilikuwa kwenye chaji ofisini. Kiwanjani palikuwa na mtu mmoja tu, mzee wa getini, amesimama kando ya bomba, mikono nyuma, kama anayesubiri mzigo stendi. Chini ya bomba hakuna kitu. Chuma kimeingia mchangani, basi. Kivuli cha sahani yangu kilikuwa kimeangukia juu ya viatu vyangu.

"Sasa ndiyo linapinduka," mzee akasema. "Wataadhini sasa hivi."

"Mzee, usiondoke hapo!"

Nilivyombembeleza mkuu wa chuo aache wali wake sitaki kusimulia. Alikuja, na nyuma yake mkufunzi wa Kiswahili, ambaye hakuna aliyemwita. Tulipokanyaga kiwanja, wingu zito lililokuwa linapanda kutoka upande wa Msumbiji likalimeza jua. Bomba halina kivuli, mwembe hauna kivuli, sisi wote hatuna kivuli.

"Kwa hapa," akasema wa Kiswahili, "kwa kweli amefaulu."

Nikamgeukia shahidi wangu. "Mzee, hebu mwambie mama. Nilipotoka hapa, ulikuwa unaangalia bomba. Umeona nini?"

Mzee akavua kofia.

"Mama, nimeangalia mpaka nikainama. Sijaona kitu."