Hongera ya jino lililong'olewa

Jumamosi asubuhi dada yangu katuma picha kwenye kundi la familia. Jino limelazwa juu ya pamba, damu kidogo pembeni, na chini yake kaandika: "Shujaa wetu hajalia hata kidogo!" Mashangazi wakamwaga makopa. Mjomba mmoja akaandika, "Hongera, sasa atalala." Mimi nikaikuza ile picha, nikahesabu mizizi. Miwili, mirefu, mizima kabisa. Nikaigeuza simu kifudifudi na chai ikanipolea mezani.

Nikampigia. "Dada, ni lipi hilo?"

"La nyuma kabisa, chini, kushoto. Si ya utoto hayo? Litaota jingine."

Halitaota. Mtoto ana miaka 10, na kwa mtoto wa umri huo jino la nyuma kabisa ni lile gego linaloota akiwa na miaka 6 hivi. Ni la kudumu. Shida yake ni kwamba linakuja kimyakimya. Halisukumi jino lolote, haliachi pengo, hakuna jino la kurusha juu ya paa, kwa hiyo mama hajui kama limekuja. Linapotoboka anajiambia ni yale yale ya utoto, yatang'oka. Basi jino la kutafunia miaka sitini linaondoka kabla mwenyewe hajamaliza darasa la tano, na sisi tunapiga makofi.

Sikumlaumu dada. Sawa, nililaumu kidogo. Lakini hasira yangu nyingi ni ya mlangoni pale, kwenye dirisha la mapokezi. Nimekaa kwenye yale mabenchi mara nyingi vya kutosha kulijua lile swali: "Kung'oa?" Unaulizwa hivyo hivyo, kama unavyoulizwa wali au ugali. Dada anasema naye aliulizwa hilo hilo, akajibu ndiyo, akalipa, akaingia. Hakuna aliyemwambia kwamba jino lina njia nyingine. Neno "kuziba" halikutamkwa na mtu yeyote toka asubuhi mpaka wanatoka na pamba mdomoni.

Na hapa ndipo naomba mnivumilie, maana hili linaniwasha.

Tumeaminishwa kwamba kuziba jino ni mambo ya wenye nazo. Kwamba lazima uwepo umeme, kiti cha kulala, ile mashine inayolia kama nyuki, na daktari aliyerudi kutoka ng'ambo. Sasa sikilizeni. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ulipoanzia utaratibu wa kuziba meno bila mashine na bila umeme. Unachukua vifaa vya mkono, vijiko vidogo vyenye ncha kali, unakwangua ile sehemu laini iliyooza, unapasafisha, halafu unajaza sementi ya meno na kuikandamiza kwa kidole mpaka iingie kwenye kila ufa. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa sababu kinachokwanguliwa kimeshakufa. Sementi yenyewe inashikana na jino na kuachia floridi taratibu. Mgonjwa anaweza kulala juu ya meza ya darasa. Ulibuniwa kwa ajili ya vijiji vyetu, kwa sababu mashine zilikuwa zinaharibika na umeme haupo.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaupigia debe dunia nzima. Mwaka 2021 sementi yenyewe ikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Ufundi umezaliwa kwetu, umepanda ndege, umefundishwa huko na huko, na sisi tuliouzaa tumebaki na koleo.

Najua haufai kila tobo. Tobo dogo juu ya gego, unakaa miaka. Jino lililobomoka pande mbili tatu, hapo unachechemea. Lakini tobo la mtoto wa miaka 7, 8, mara nyingi ni lile dogo la juu, kwenye vile vijibonde vya kutafunia. Ndipo penyewe.

Nina sababu ya kuongea kwa uchungu. Nilipokuwa kidato cha pili, bweni, waliniondolea gego hilo hilo, upande huo huo. Nilipona, nikarudi kucheza netiboli. Baada ya miaka ishirini nimeenda kwa daktari kwa shida ya jino jingine, akaniwekea picha ya eksirei kwenye kioo na kunionyesha kwa kalamu. Jino la juu, kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, limeshuka taratibu kuelekea pengo. La nyuma yake limelala kwa mbele kama abiria wa daladala aliyesinzia begani kwa mtu. Hakuna kilichokuwa kinauma. Miaka ishirini mdomo wangu ulikuwa unahama na mimi sina habari.

Hilo jino jingine ndilo lililonifundisha bei ya kusubiri. Lilianza na doa jeusi. Haliumi, nikaliacha. Likaanza kushtuka kwa maji ya baridi, nikahamia kutafunia upande wa pili. Likaja kuniamsha saa nane usiku, nikaenda na panadol na karafuu mpaka alfajiri. Mpaka hapo uozo ulishafika kwenye mshipa, na kuziba peke yake kusingesaidia tena. Ikabidi mizizi isafishwe ndani, halafu ijazwe. Wiki nzima mdomo ulinuka pilau, maana ile dawa ya muda wanayokuwekea ina mafuta ya karafuu, kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga kihivyo. Ila karafuu inatuliza tu, haizibi tobo.

Kisha kofia. Jino lililosafishwa mizizi ni ganda tu, ukiling'atia mfupa linapasuka, ndiyo maana gego huvalishwa kofia. Walilichonga pembeni likabaki kisiki, nikang'ata udongo fulani wa waridi kuchukua umbo, nikapewa kofia ya muda, nikarudi baada ya siku kumi. Daktari akanipa kikaratasi cha bluu, "Ng'ata. Saga. Ng'ata tena," akawa anapunguza pale palipoacha alama mpaka meno yakakutana sawasawa. Raha yake sitawaficha. Gharama yake nayo sitawaficha: zaidi ya mshahara wangu wa wiki mbili, kwa tobo ambalo lingezibwa kwa nusu saa wakati lilipokuwa doa.

Wahenga walishasema jino la pembe si dawa ya pengo. Nami sasa nina la kauri, na bado nawaamini.

Kabla hamjanijia: ndiyo, sukari, najua. Ndiyo, mswaki wa usiku. Hapana, hakuna mdudu ndani ya jino, na yule anayewatolea kwa mvuke stendi anawatolea pesa. Na ndiyo, kuna jino la kung'olewa. Limeoza mpaka chini ya fizi, shavu limevimba, hakuna cha kushika. Hilo ling'oe, sina ugomvi. Inawezekana hata la mtoto wetu lilishafika huko. Dada alikuwa na nauli ya safari moja tu na hela ya kulipa mara moja, na koleo humaliza kazi siku hiyo hiyo. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma kulikubali.

Jumapili nikaenda kwao. Shujaa akanifungulia mdomo mwenyewe, kwa fahari, nione pengo. Nikawasha tochi ya simu. Pengo limeanza kufunga vizuri. Nikasogeza tochi upande wa kulia, kwenye gego pacha wake, na katikati, kwenye kijibonde, kuna doa jeusi dogo kama punje ya pilipili manga.

Nikamwita dada aje aone. Akainama, akatazama.

"Mbona haliumi?"

Nimeomba ruhusa kazini Jumatano. Nampeleka mimi, na wakiniuliza "kung'oa?" nitakaa pale dirishani mpaka wapatikane wa kuziba.