Kapasita zinavimba, fizikia yetu iko wapi?

Fungua TV iliyogoma kuwaka, adapta ya kompyuta, au ile taa ya LED iliyopepesa wiki nzima kabla ya kuzimika. Mara nyingi mkosaji anajitaja mwenyewe: kapasita, kikopo kidogo cha alumini kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, kimevimba kichwani, pengine kimevujisha ute wa kahawia kwenye bodi. Fundi anakitoa, anachomea kingine, anakwambia "kapasita ilikufa", unalipa, unaondoka. Kwa wengi habari imeishia hapo. Mimi naona hapo ndipo fizikia inapoanza, na nina kinyongo kidogo na vyuo vyetu kwa kuiachia dampo maiti hiyo.

Sehemu ya lawama ni ya michoro ya saketi. Kwenye karatasi kapasita ni vistari viwili vinavyotazamana. Kidato cha tano tunakaririshwa kwamba uwezo wake wa kuhifadhi umeme unategemea eneo la bamba, umbali kati ya bamba, na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kilicho katikati. Kisha tunakokotoa hadi kengele inalia. Kihami chenyewe kinapewa namba tu, na hakuna anayeuliza ni kitu gani, kimetengenezwaje, kitaharibika lini. Mwanafunzi anatoka akijua kanuni ilhali hajui kwamba ndani ya kile kikopo kihami ndicho kila kitu.

Kichane uone. Utakuta utepe wa alumini uliosokotwa pamoja na karatasi yenye unyevunyevu. Utepe huo umeliwa na kemikali makusudi mpaka ukajaa vishimo visivyoonekana kwa macho, ili eneo la uso wake liongezeke mara nyingi. Kisha umewekwa kwenye kimiminika na kupitishiwa umeme hadi ukaota utando wa oksidi, wenye unene wa takriban nanomita 1.4 kwa kila volti iliyotumika. Volti 25 zinakupa utando wa nanomita 35 hivi, wakati unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Huo utando ndio unaozuia umeme usivuke. Karatasi yenye unyevu imebeba elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme, na elektroliti hiyo ndiyo bamba la pili, kwa sababu inaweza kuingia kwenye kila kishimo.

Sasa fikiria kimiminika ndani ya kikopo kilichozibwa kwa mpira. Joto linakisukuma kitoke kidogo kidogo kupitia kwenye mpira. Kinavyopungua, ukinzani wa ndani unapanda. Ukinzani ukipanda, kapasita inazidi kupata moto kila mkondo unapopita, na elektroliti inazidi kukauka. Gesi inajikusanya, kichwa kinavimba.

Watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye kikopo: nyuzi 105, na kwenye karatasi ya maelezo wanaongeza umri wake kwenye joto hilo, tuseme, saa 2,000. Kanuni ya kazini ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 za Selsiasi, umri unakuwa maradufu. Kapasita hiyo ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 itaishi kama saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Ipandishe nyuzi 10 tu na umri unashuka hadi saa 16,000, hata miaka miwili haifiki. Nyuzi 10 ndiyo tofauti kati ya chumba chenye kiyoyozi na kibanda cha bati cha Temeke saa nane mchana, kifaa kimebanwa ukutani na vumbi limeziba matundu yake. Kwa hiyo mtu akisema "vitu vya siku hizi feki", pengine ni kweli, na pengine ni hesabu ya joto tu. Nani kati yetu amepima akaweza kutofautisha?

Mafundi wa zamani walikuwa wanaijua fizikia hii bila kuiita fizikia. Redio iliyokaa stoo miaka mingi hawakuichomeka moja kwa moja. Waliiunganisha kwanza na balbu ya kawaida kwa mfuatano, wakaiacha ipate umeme kwa upole. Sababu ni kwamba kapasita ikikaa bila umeme muda mrefu utando wake wa oksidi hudhoofika, na volti ikipanda taratibu utando unaota tena. Balbu inazuia mkondo usije ukafumua kila kitu kwa mkupuo. Ujanja huo ni majaribio ya maabara kamili, ila hakuna aliyeandika namba.

Kwamba mada, yaani kitu kifaa kilichotengenezwa nacho, ndiyo inayoamua saketi si jambo jipya. Transista ya kwanza (kifaa kidogo kinachokuza au kukata mkondo), ile ya John Bardeen na Walter Brattain kwenye maabara za Bell mnamo Desemba 1947, ilikuwa ya jemani (germanium). Transista za jemani zilifanya kazi vizuri hadi zilipopata joto, hapo mkondo wa kuvuja ukawa unapanda ovyo. Mwaka 1954 Gordon Teal wa kampuni ya Texas Instruments akatoa za silikoni, ambazo zinavumilia joto zaidi kwa kuwa elektroni zake zinahitaji nishati kubwa zaidi kuachia nafasi zao: elektronivolti 1.1 hivi dhidi ya 0.67. Mchoro wa saketi ungeweza kubaki uleule. Kilichobadilika ni mada.

Na hapa ndipo jambo linapotugusa kwa karibu zaidi. Kuna kapasita nyingine, ndogo, ya rangi ya njano au nyeusi, ina mstari upande mmoja. Hiyo ni ya tantalamu. Tantalamu ni metali inayotoka kwenye madini ya koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia inachimbwa mashariki mwa Kongo na Rwanda. Rubaya, wilayani Masisi, watu wanaichimba kwa sururu na koleo, na Kiswahili kinasikika huko kutwa nzima. Tumeandika mengi kuhusu vita, magunia na njia za magendo, na ilibidi tuandike. Lakini muulize msomi wa kawaida wa ukanda huu kwa nini dunia inaitaka tantalamu, atakujibu "ya simu", basi.

Jibu lenyewe ni utando uleule. Oksidi ya tantalamu inahifadhi umeme karibu mara tatu ya oksidi ya alumini kwa unene sawa: namba ya kihami ni kama 26 dhidi ya 9. Unga wa tantalamu unashikanishwa kwa joto kali ndani ya ombwe mpaka unakuwa kipande chenye matundu kama sifongo, unaoteshwa oksidi, kisha matundu yanajazwa dioksidi ya manganizi, ambayo ni kitu kikavu. Hakuna cha kukauka. Tena mahali utando ulipo dhaifu, mkondo unaovuja hupasha moto manganizi iliyo jirani, inapoteza oksijeni na kugeuka kitu kisichopitisha umeme vizuri, kidonda kinajiziba. Napenda sana sehemu hii. Ubaya wake ni kwamba mkondo ukija kwa kishindo, oksijeni hiyohiyo inailisha tantalamu ikawaka moto, ndiyo maana wahandisi hupenda kuitumia kwa nusu ya volti iliyoandikwa.

Mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipaa. Watengenezaji walifanya nini? Walikimbilia maabara. Kazi nyingi wakazihamishia kwenye kapasita za kauri zenye titaneti ya bariamu, ambayo namba yake ya kihami inafika maelfu, na baadhi wakajaribu niobiamu, ndugu wa tantalamu. Kauri nazo zina kasoro yake, ukizipa volti uwezo wake unapungua, hivyo tantalamu haikufukuzwa. Ila mwenye udongo tu alionyeshwa kwamba mtu mwenye kuijua oksidi anaweza kumwacha wakati wowote. Kwa hiyo ninaposikia wanasiasa wakisema tujenge kiwanda cha kuchenjua, naunga mkono, lakini kuchenjua bila kuijua oksidi ni kuuza udongo uliosafishwa.

Wataniambia maabara ni ghali. Baadhi ya fizikia ni ghali kweli. Hii si mojawapo. Na si kwamba tunaanza sifuri. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi ya tando nyembamba kwa ajili ya sola kwa miaka mingi, na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha ina skuli inayoshughulikia sayansi ya mada na nishati. Mtu anayejua kupima utando wa seli ya sola anajua robo tatu ya anachohitaji kwa kapasita. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia mwanafunzi wa uzamili kwamba bodi iliyoungua Kariakoo ni mada halali ya tasnifu.

Mimi ningeanza hivi. Chukua kapasita zenye uwezo wa mikrofaradi 1,000, volti 16, za aina zote zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri, za bei ya chini na za juu. Ziweke kwenye oveni ya maabara, nyuzi 85 kundi moja, 95 kundi la pili, 105 la tatu, zikiwa na umeme. Kila wiki pima uwezo, ukinzani wa ndani na mkondo wa kuvuja. Weka kundi la nne kwenye sanduku la bati juu ya paa, Tanga au Mombasa, palipo na chumvi hewani. Saa 2,000 ni kama miezi mitatu. Majedwali yachapishwe kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kwenye ukuta wa fundi.