Usinijaribie kwa simu yako
"Bosi, kitu orijino hiki, sikia mwenyewe!" Muuzaji wa Kariakoo anachomeka adapta ya hedifoni za waya kwenye simu yake, muziki unalia, nawe unalipa. Ukifika nyumbani unachomeka kwenye yako: kimya.

Adapta hizi za USB-C, zile za kuchomeka kwenye tundu la chaji, haziko sawa jamani. Kuna simu zinazotoa sauti ya analogi, yaani iliyo tayari kwa hedifoni, moja kwa moja kwenye tundu la chaji, kwa hiyo adapta yake ni waya mtupu. Nyingine hutoa data ya kidijitali pekee, zinataka adapta yenye chipu ndani ya kuigeuza kuwa sauti. Kwa macho ni pacha, na mara nyingi boksi halisemi lolote. Tangu iPhone 7 ya 2016 ije bila tundu la hedifoni la milimita 3.5, na wengine wakafuata, kazi ya kubahatisha tumeachiwa wanunuzi.

Hedifoni za Bluetooth nazo hujaribiwa kwa wimbo tu, tena wa besi nzito, sauti juu hadi mwisho. Nani anapiga simu pale dukani? Maiki ikiwashwa ubora hushuka, na mama upande wa pili anakuuliza kama uko kisimani. Kaka, niache nipige simu kwanza, kwa simu yangu, ndipo tuongee bei.